Ng'ombe Ambaye Sikumpokea

Rungwe Mpya, Kasulu
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Yustina mwanangu,

Nimekuambia bahasha hii uifungue ukishafika stesheni ya Kigoma, mkiwa mmeketi kusubiri treni na kaka yako bado hajakuaga. Kama umeifungua ndani ya basi kabla hata hamjaumaliza mji wa Kasulu, si neno, nakujua. Tangu utoto wako ulikuwa ukifunua chungu kabla maharage hayajaiva.

Sasa hivi umekwenda Kitanga kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakaanga karanga zako za safari. Nimekaa hapa barazani kwenye kile kiti changu kibovu, daftari gotini, nami nina saa mbili au tatu kabla hujarudi. Naandika polepole, wajua mwenyewe. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama barabara ya Kibondo, lakini utausoma tu, maana miaka miwili kule Kumsenga umesoma madaftari ya darasa la kwanza na hukufa.

Ya kufua na ya kula, ya kutowakopesha watu nguo zako na ya vijana wa Dar es Salaam, mama yako ameshayasema yote, na mengine ameyasema mara tatu. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina neno moja, nalo linanihusu mimi zaidi ya wewe. Nimelibeba zaidi ya miaka kumi, na Jumapili wewe mwenyewe ulilikanyaga bila kujua.

Unakumbuka Jumapili, kwenye karamu ya kukuaga. Watu wameshakula, umesimama kuwashukuru, umenishukuru mimi na mama yako vizuri sana mpaka nikaona haya. Kisha ukamgeukia Bonifasi ukacheka, ukasema kaka naye angejitahidi kidogo tu kwenye mtihani wake, leo ungekuwa unafuata nyayo zake. Watu wakacheka. Bonifasi naye akacheka, akainamisha kichwa, akaendelea kuwagawia wageni pombe ya ndizi. Mimi sikucheka, na mama yako alinitazama mara moja tu, akatoka kwenda jikoni.

Sikulaumu. Ulisema tulichokufundisha. Tangu ukiwa mtoto mdogo katika nyumba hii umesikia kwamba Bonifasi hakuchaguliwa kwenda Chuo Kikuu. Si kweli, mama. Alichaguliwa, na serikali ilikubali kumlipia kila kitu. Mimi ndiye niliyekataa.

Haya, nimeliandika. Nimeweka kalamu chini nikaenda kunywa maji mtungini, nimerudi, na neno bado lipo.

Ili unielewe sina budi nianzie kwa babu yako. Nyinyi mmesikia habari za kugabirwa ng'ombe, mtu kupewa ng'ombe na bwana naye akawa mtumishi wake, kama mambo ya kale, ya kuwachekesha watoto. Mimi yalinilea. Babu yako hakuwa na hata mbuzi. Akaenda kwa bwana mmoja mwenye ng'ombe wengi, upande wa Heru, akapiga magoti, akaomba, akagabirwa mtamba mmoja mwekundu. Siku ile nyumba nzima ilicheza. Maziwa tuliyanywa na mbolea tuliipeleka migombani, siwezi kumkufuru yule ng'ombe. Lakini alikuja na kamba ndefu, na ncha ya pili ya ile kamba ilibaki mkononi mwa bwana. Ua wa bwana ukianguka, babu yako huyo, anakwenda kuujenga. Bwana akisafiri, babu yako anabeba mzigo. Pombe ikiiva, mtungi wa kwanza unakwenda kwa bwana kabla sisi hatujaonja.

Nami nilikuwa nimeanza shule ya misheni. Mwalimu alitufundisha herufi kwa kuziimba, nasi tulikuwa tumefika M, nakumbuka kabisa, siku bwana alipotuma ujumbe kwamba anahitaji mtu wa kuchunga. Babu yako hakukataa. Angeanzia wapi, na ng'ombe wa watu yumo zizini? Nikaacha shule, nikachunga mpaka nikaota ndevu. Na babu yako alipofariki, matanga hayajaisha, watu wa bwana wakaja wakamfungua yule ng'ombe na ndama zake wote, wakaondoka nao. Mama yangu alisimama akiwatazama huku ameshika kibuyu cha maziwa.

Ndipo nikaenda manamba, Tanga, kukata mkonge. Huko nako mambo yalianza kwa kidole gumba kwenye karatasi nisiyoweza kuisoma, na kidole hicho kikanifunga mpaka mkataba uishe. Watu wa makabila mengine walikuwa wakitucheka Waha. Walicheka hasa tulivyosalimiana, tukiinama na kupiga makofi yetu ya taratibu. Nikaacha. Nikajifunza kuinua mkono na kusema jambo kama mtu wa mjini. Niliporudi, mama yangu alitoka mlangoni akaniinamia akanipigia makofi, nami nimesimama kama gogo, mikono imesahau. Alisema tu kwamba nimechoka na safari. Kosa hilo ni dogo, lakini nimelitaja kwa sababu utalihitaji baadaye.

Basi nikaapa. Nikasema mtoto wangu hatakula cha bwana yeyote, na kidole changu hakitagusa tena karatasi. Niliona ni kiapo cha mwanamume, na nilikisimulia kila penye pombe.

Sasa sikia habari za kaka yako. Bonifasi akiwa sekondari kule Tabora, kila likizo alikuja na habari za Chuo Kikuu kama mtu anayesimulia ukoo wake. Alikuwa akikata vipande vya magazeti na kuvihifadhi ndani ya Biblia. Alituambia zamani mtoto wa Tanganyika aliyetaka shahada ilimbidi aende Uganda au Ulaya, na waliokwenda ungeweza kuwataja kwa majina. Kisha, bendera yetu ikiwa bado haijapandishwa, chuo kikaanzishwa pale pale Dar es Salaam, kwenye nyumba ya Chama mjini, na vijana wachache tu wa sheria. Baadaye kikahamia kilimani, nje ya mji. Siku hizo kilikuwa bado kimeungana na vyuo vya Kampala na Nairobi, kama watoto watatu wa mama mmoja. Hii ya kila mmoja kujenga nyumba yake ilikuja mwaka sabini, yeye akiwa tayari yuko shambani kwangu. Hata hiyo aliisikia kwenye redio ya jirani akaja kutuambia jikoni, kwa furaha, kana kwamba inamhusu. Wewe ulikuwa ukimsikiliza umekodoa macho. Yote uliyoyajua kuhusu Chuo Kikuu kabla ya kuomba nafasi, ulifundishwa na mtu unayedhani alifeli.

Alipomaliza kidato cha sita, bwana mmoja wa elimu alikuja na baiskeli mpaka kwetu, tukiwa bado tunaishi kule juu kabla ya kuhamia kijijini. Alikuwa mtu wa Usambara, mpole, na jasho limemlowesha shati. Akatuambia kijana amechaguliwa. Akasoma karatasi. Serikali italipa masomo, kitanda, chakula, vitabu, na waranti ya treni ya kwenda na kurudi likizo. Mimi nikawa natabasamu. Kisha akasoma kwamba kijana naye anaahidi kuitumikia serikali miaka mitano akishahitimu, popote atakapopangwa, na mzazi aweke alama hapa chini kwamba amelielewa jambo hilo.

Nikamuuliza itakuwaje akikataa kutumika. Akasema atadaiwa gharama. Nikamuuliza itakuwaje mimi nikifa kabla hajamaliza. Yule bwana akanitazama, akasema, "Mzee, kufa kwako hakuhusiani na karatasi hii." Hakuelewa nilichouliza. Alikuwa akisoma karatasi, na mimi nilikuwa nikiwaona watu wa bwana wakifungua zizi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilisimama nikasema mwanangu si mtu wa kugabirwa ng'ombe, nikamrudishia karatasi yake. Msambaa wa watu akabaki anashangaa, ng'ombe ametoka wapi tena. Bonifasi ndiye aliyenielewa. Alinieleza kwa upole kwamba si hivyo, kwamba miaka mitano ina mwisho na kazi yenyewe ina mshahara. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia shule imemfundisha kuipenda kamba. Wewe hukuwapo, ulikuwa umepelekwa kisimani na mama yako, naye mama yako aliporudi akanibembeleza siku mbili. Nikawa jiwe.

Siku ya tatu bwana elimu akarudi. Inaonekana lilimkosesha raha. Akasema sheria inasema mzazi au mlezi, na kwamba mkuu wa shule yuko tayari kuweka sahihi yake kama mlezi wa Bonifasi, jambo liishe. Alisema hayo mbele yangu, bila kificho. Kaka yako akasema, "Siwezi kutafuta baba mwingine na wa kwangu yupo hai."

Akamshukuru yule bwana, akamsindikiza na baiskeli yake mpaka njia panda, akarudi, akachukua jembe, akamalizia matuta ya maharage aliyokuwa ameyaacha asubuhi.

Na mimi, Yustina, nilijivuna. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kukataa kwenyewe. Nilikaa nikajiambia nimezaa mtoto mwenye adabu. Mtoto amenipa maisha yake mkononi, nami nimeyapokea kama mtu aliyeletewa kiko.

Uongo ulikuja wenyewe. Tukiwa njiani kutoka kanisani, katekista akauliza Bonifasi anaondoka lini. Nilifungua kinywa kusema nimekataa, na ghafla nikaona jinsi litakavyosikika. Nikasema hakuchaguliwa. Bonifasi alikuwa nyuma yangu hatua mbili. Alimsalimu katekista, akauliza hali ya watoto wake. Tangu siku hiyo mpaka leo hajawahi kunisahihisha mbele ya mtu, wala tukiwa wawili.

Nilijuaje kwamba nimekosea? Usidhani nilitokewa na malaika. Yuko kijana wa Kitanga, jirani wa shangazi yako, aliyechaguliwa mwaka ule ule. Baba yake aliweka kidole bila kuuliza hata swali moja, nami nilimsikitikia. Kijana akasoma sheria, akawa hakimu huko kusini. Mwaka juzi alikuja likizo, tukakutana kwenye arusi, nikamuuliza amebakiza miaka mingapi ya kile kifungo chake. Akacheka, akasema, "Ilishakwisha, mzee. Nimebaki mwenyewe, kazi naipenda." Nikamtazama baba yake. Yuko palepale, anakunywa pombe yake, nyumba yake ina bati, na hakuna mtu aliyekuja kufungua zizi lake. Nilirudi nyumbani kwa miguu peke yangu, nikijifanya nimelewa ili mtu asinisemeshe.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshahamia hapa kijijini, na kisomo cha watu wazima kimeanza. Unajua nani alipewa kutufundisha. Wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuona siku ya kwanza. Wazee wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao, na mwanangu amesimama ubaoni. Nilikuwa nimewahi kumsimulia, yeye akiwa mdogo, kwamba shule yangu iliishia kwenye M. Sikujua kama anakumbuka. Alipita kwa kila mzee akamwonyesha pa kuanzia. Alipofika kwangu akaandika N. Jina langu linaanza na herufi hiyo, na sikuwahi kuifikia.

Alinishika mkono, tukaiandika pamoja, akaenda kwa mzee mwingine.

Kisha ukaja wewe. Mambo yalikuwa yamebadilika. Chama kilishasema mtu asitoke darasani akaenda Chuo Kikuu moja kwa moja, kwanza afanye kazi na watu, na watu hao waseme ni mtu wa namna gani. Ukaenda kufundisha Kumsenga, na watu wa Kumsenga wakakusemea vizuri. Fomu yako ilipokuja ulikuwa huko huko, ikaletwa hapa kwa ajili ya mzazi. Nilimwomba Bonifasi anisomee, ingawa ningeweza kujikongoja nayo mwenyewe. Yaleyale. Masomo, kitanda, chakula, waranti, na ile miaka mitano. Aliisoma yote kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma tangazo la sumu ya panya.

Nikamuuliza, "Huyu databuja ni nani hasa?" Ndivyo tulivyomwita bwana mwenye ng'ombe.

Akasema, "Ni sisi, baba. Ni pamba ya Wasukuma na tumbaku yetu hii. Wewe ndiye unayemgabira Yustina ng'ombe."

Nikasema moyoni, siasa hizo, kijana amekaa mno kwenye mikutano. Lakini usiku kucha lile neno lilinigeuza ubavu huu na huu. Asubuhi nikamwambia alete kalamu. Alileta na kidau cha wino wa muhuri, kwa ajili ya kidole, maana hakutaka kunilazimisha. Nikakisukuma pembeni. Niliandika jina langu lote, kuanzia N, na nilichukua muda mrefu, na upepo ulikuwa ukiinua karatasi, kaka yako akaishika kwa ncha mbili isitikisike. Nilipomaliza aliipuliza wino ukakauka, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Kisha akatoka. Nilimwona kupitia mlangoni, amesimama kwenye ua amenipa mgongo, na alisimama pale mpaka mama yako alipomwita kula.

Ndiyo fomu inayokupeleka, mama.

Sikuambii kwamba hakuna kamba duniani. Zipo, na nyingine utakutana nazo huko huko kilimani, zimefungwa vizuri na watu wenye suti. Woga wangu sikuuokota njiani. Nilikuwa nao kwa haki. Kosa langu ni kwamba niliuliza maswali mawili nikaacha, na jibu la swali la tatu ndilo lililokuwa na maisha ya mwanangu ndani yake. Ukiogopa kitu, uliza tena, hata wakikuona mjinga. Na hiyo miaka mitano yako, ukipangiwa mahali pabaya, kaa uimalize. Wewe mwenyewe utajua ng'ombe uliyemla ni wa nani.

Sasa limebaki moja, nalo ndilo sababu ya barua.

Nimeshindwa kumwambia Bonifasi. Kwetu baba hamwombi mwana msamaha, hakuna hata maneno yake. Nimeyatafuta kwa Kiha sikuyaona. Tangu Jumapili nimejaribu mara mbili. Juzi nilimfuata kwenye banda la tumbaku, nikasimama, nikakohoa, nikaishia kumuuliza kama misumari imetosha. Akasema imetosha. Jana nilianza tena tukiwa tunafunga sanduku lako, mama yako akaingia na kanga zako, nikashukuru Mungu kwa kuokolewa. Ni aibu kwa mtu wa umri wangu. Lakini kuandika naweza, na anajua nani amenifundisha.

Yeye hajaisoma barua hii. Anadhani ni nasaha za kawaida za mzazi, na kwa heshima yake atakuwa amejisogeza pembeni kidogo ya benchi ili usome peke yako.

Mwite. Rudi ukurasa wa kwanza, umsomee yote kwa sauti, Yustina, kwa sauti ya mwalimu. Usiruke pale nilipojivuna. Usiruke pale kwa katekista. Akikuambia inatosha, uiweke, usimsikilize, endelea.

Ukimaliza, simama mbele yake, uiname, umpigie makofi, yale yetu ya taratibu, ya mdogo kwa mkubwa. Stesheni ina watu wa kila kabila na watacheka. Waache wacheke, mimi niliwahi kuwasikiliza na nikamnyima mama yangu salamu yake. Piga mpaka ainue uso akutazame. Kisha mwambie makofi hayo si yako wewe. Ni yangu mimi, nimekutuma.

Baba yenu,
Ntibaliza